Siku Kumi na Tatu za Udaktari wa Meno

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimeanza udaktari wa meno. Kwa usahihi zaidi: nimeanza kujitolea kwenye chumba cha meno cha kituo cha afya, hapa Newala. Kwa usahihi kabisa: nimefagia. Lakini nimefagia nikiwa na koti jeupe.

Koti nimelipata Masasi kwenye rundo la mitumba. Refu, safi, vifungo vyote vipo. Kifuani limetariziwa picha ya mkate na maneno ya Kizungu ambayo si Kiingereza. Nawaambia watu ni jino la gego. Ukiwa mbali kidogo, ni gego kabisa. Mlinzi wa getini ameniamkia shikamoo. Mlinzi mwenye mvi! Nimeitikia marahaba kabla sijafikiri.

Niandike hali ilivyo. Mfuko wa masomo wa kanisa una nafasi moja tu mwaka huu ya kusomea meno chuoni. Moja! Waombaji tuliobaki ni wawili. Mimi, Felix, mzaliwa wa Lulindi, upande wa Masasi, miaka ishirini na mitatu, Fizikia D (baada ya kurudia mtihani). Na Loveness, binti wa mwalimu wa hapa Newala, Fizikia B (bila kurudia chochote). Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, Masasi. Kabla ya hapo wote tunajitolea kwa Dokta Bibiana, tabibu wa meno, naye ataiandikia kamati barua kuhusu kila mmoja wetu. Barua ndiyo kila kitu.

Naishi Makote kwa mjomba wangu, Zabroni. Mjomba ametoa tamko moja wakati wa chakula, kisha akaendelea kula. Nikikosa safari hii, nabebeshwa pampu ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, na mikorosho yake mia mbili na arobaini ndiyo itakuwa wagonjwa wangu. Nimempigia mama simu Lulindi kukata rufaa. Mama amesema msemaji ni mjomba. Kwetu mjomba akishasema, imekwisha.

Kwa nini meno? Jibu la usaili: nawapenda wagonjwa. Jibu la ukweli: kile kiti. Unakanyaga kwa mguu, kinapanda. Unakanyaga tena, kinashuka. Mtu mzima, hata diwani, analala chali, anafungua mdomo na hawezi kukukatiza. Katika ukoo wetu sijawahi kumaliza sentensi.

Loveness ameshika taa leo. Mimi nimeshika ufagio. Kimbelembele yule.

Jumanne, 9 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Wagonjwa wanne tu, na wote wamekuja uso ukiwa umevimba tayari. Dokta Bibiana amesikitika. Amesema watu wa huku huja kwake jino likishakuwa jipu. Ijumaa atapima watu bure, na hajui kama atapata hata kumi. Akatuuliza tuna mawazo gani.

Loveness akasema tupite shuleni na michoro, tuwafundishe watoto, watoto wawafundishe wazazi. Wazo zuri kwa mtu mwenye miaka ishirini ya kusubiri. Mimi nikasimama. Nikasema Makote peke yake nitaleta watu hamsini. Dokta akanitazama juu ya miwani. Akasema nikileta ishirini, ataliandika hilo kwenye barua.

Ataliandika! Nimetoka pale naelea.

Jioni nimechukua pikipiki ya mjomba na kuazima kipaza sauti cha chama cha msingi cha wakulima, kile cha kutangazia mnada wa korosho. Nimezunguka nikitangaza: uchunguzi wa meno, Ijumaa, bure. Hakuna aliyegeuka. Nikakuta mzee mmoja, Mzee Bwanali, amekaa barazani kwake. Akaniuliza kwa nini aende mjini akaangaliwe mdomo ambao yeye mwenyewe yuko nao kila siku. Swali gumu. Sikuwa nimejiandaa.

Kwa hiyo nimeliboresha tangazo. Kidogo tu.

Baada ya hapo watu wakaanza kutoka nje.

Ijumaa, 12 Julai

Watu sitini na mmoja! Nimewahesabu mara mbili. Foleni imetoka nje ya geti na kupinda kona kwenye ukungu, mwisho wake hauonekani. Dokta Bibiana alipofika alisimama akaweka mkono kifuani. Akanishika bega mbele ya Loveness. Nikasema ni jambo dogo tu, Dokta.

Furaha ilidumu mpaka mgonjwa wa kwanza.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Bwanali. Akapanda kwenye kiti, akafungua mdomo. Hakuna jino hata moja. Dokta akamuuliza kwa upole anasumbuliwa na nini. Mzee akasema hasumbuliwi, amefuata yake.

Dokta akauliza, yake nini?

"Meno," akasema Mzee Bwanali. "Kijana wako ametangaza yamekuja mapya. Mimi nipe ya wastani, yasiwe makubwa."

Dokta akageuka taratibu. Nikajifanya natafuta ufagio.

Nakumbuka nilisema mwenye pengo atasaidiwa. Inawezekana nilitaja mzigo kutoka Masasi. Inawezekana nilitaja saizi. Nimejitetea kwamba mimi ni mtu wa Lulindi, kwetu tunaongea Kimakua, na Kimakonde changu kina mashimo. Bahati mbaya mjomba alikuwa kwenye foleni, kafuata mawili ya mbele. Akasema alinisikia vizuri sana, na nilikuwa nikitangaza kwa Kiswahili.

Kisha Bibi Somoe. Bibi ana miaka themanini na kitu, na meno yake ya mbele yamechongwa ncha kama walivyofanya wazee wa zamani. Akakaa kitini kama anayekaa kwake. Akamwambia Dokta yameanza kuwa butu, anaomba yanolewe.

Dokta akasema huduma hiyo kituo hakina.

"Mmesoma miaka mingapi?" akauliza Bibi Somoe.

Dokta akasema mitatu, na semina.

"Babu yangu hakusoma hata siku moja, na alikuwa na patasi yake."

Dokta akaomba angalau ayaangalie. Akaangalia juu, chini, akasogeza taa, akaangalia tena. Akasema hakuna hata tundu moja. Miaka themanini na kitu! Wauguzi wakaitwa waje kuona. Bibi akawafungulia mdomo mmoja mmoja. Aliposhuka akarudi mwisho wa foleni ili aangaliwe mara ya pili.

Muda wote huo Loveness alikuwa nje. Hakuna aliyemtuma. Wenye maumivu aliwaweka upande wa kulia, wenye mapengo akawaketisha kwenye mabenchi na kuwaombea chai jikoni, wenye homa akawaingiza kwanza. Kati ya wale sitini na mmoja, kumi na moja walikuwa na ugonjwa wa kweli. Mama mmoja kijana, amembeba mtoto mgongoni, taya lake lilikuwa limejaa usaha. Dokta akasema siku mbili zaidi na koo lingeanza kuziba. Amelazwa.

Halafu Dokta akaniita. Hakupaza sauti. Alitumia ile sauti anayotumia kumtuliza mgonjwa, na hiyo ni mbaya zaidi. Akanipa kipaza sauti changu, akanituma getini niwatangazie wote kwamba hakuna meno mapya, hayakuwepo, na hayako njiani. Nimetangaza. Nimezomewa na watu ambao hawana hata la kutafunia.

Mzee Bwanali amesema atasubiri.

Jumapili, 14 Julai

Ibada ndefu. Nimewaza mbinu mpya tangu wimbo wa kwanza. Loveness anashika taa, sawa. Lakini Loveness hajawahi kung'oa jino. Nikimwambia Dokta kwamba mimi nimeshang'oa, na bila mtu kunifundisha, barua itabadilika.

Tatizo: meno ya nani? Mjomba amekataa. Mke wake, Mama Wema, amekataa kabla sijauliza.

Tulikuwa na wageni mchana, wazee wawili wa kanisa, na Mama Wema alikuwa amenunua kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu. Kichwa kiko kwenye beseni. Kimetulia. Mgonjwa bora! Nimekipeleka nyuma ya nyumba, nikavaa koti, nikachukua koleo ya mjomba ya kung'olea misumari.

Meno ya mbele ya chini: manane. Nimeyang'oa yote. Jasho limenitoka, lakini nimeyang'oa, nikayapanga kwenye jani la mgomba. Kisha nikageuka kwenye ya juu.

Ya juu hayapo!

Nimepapasa. Ufizi tupu. Nimetazama kwa tochi ya simu. Hakuna. Basi nimeyavunja bila kujua, au yamedondoka. Nikatafuta chini. Nikafagia uwanja. Nikachekecha pumba. Kisha nikamwona kuku mweupe wa Mama Wema amesimama karibu na beseni, anameza kitu. Ikaniingia akilini mara moja.

Mama Wema alipotoka alinikuta nimempakata kuku, nampapasa koo. Kichwa cha mbuzi kiko kando, mdomo wazi, kibogoyo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama niko sawa. Nikasema niko kazini.

Supu imeliwa. Mzee mmoja wa kanisa amechungulia sufuria akauliza yule mbuzi alikuwa na umri gani.

Jumatatu, 15 Julai

Nimemweleza Dokta Bibiana kisa cha mbuzi, lakini kitaalamu. Nimesema katika utafiti wangu binafsi nimekutana na mgonjwa aliyepoteza meno yote ya mbele ya juu katika mazingira ya kutatanisha.

Dokta akauliza ni mgonjwa gani. Nikasema ni mbuzi.

Loveness akaweka sinia ya vifaa chini kwanza, ndipo akacheka. Akacheka mpaka akakaa. Mbuzi hawana meno ya mbele juu. Hajawahi kuwepo mbuzi mwenye nayo. Hata ng'ombe hana. Tulifundishwa kidato cha pili, amesema. Nikasema najua, nilikuwa nawapima.

"Sawa, kaka Felix," akasema. "Na yule kuku ulikuwa unampima nini?"

Nani amemwambia habari za kuku?! Newala ni ndogo kupita kiasi.

Sasa niandike jambo ambalo sijaliandika popote. Nina jino bovu. Gego la chini kushoto, lina tundu tangu kidato cha nne. Nimelizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Lakini tangu Jumamosi linapiga. Linapiga pamoja na moyo, linapiga nikiinama, linapiga nikinywa chai.

Siwezi kumwambia Dokta. Nani atampeleka chuo cha meno mtu mwenye mdomo uliooza? Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni sindano ya ganzi. Nimeiosha sinia yake kila siku. Nimeiona. Ni ndefu.

Jumanne, 16 Julai

Maji ya chumvi. Hakuna kitu. Karafuu. Nafuu ya dakika kumi, kisha jino limerudi na hasira. Natafuna upande mmoja, naongea upande mmoja. Loveness ameuliza kwa nini. Nimesema ndivyo tunavyoongea Masasi. Akasema shangazi yake anakaa Lisekese, Masasi hiyo hiyo, na anaongea na mdomo wote.

Nimetoka nje kupumua. Mzee Bwanali yupo kwenye benchi. Anakuja kila siku, anasubiri meno. Ameniona nimeshika shavu. Watu wazima hawadanganyiki. Akaniambia kwa siri kwamba ujanani jino lilimtesa hivyo hivyo, akatia tone la mafuta ya ganda la korosho. Tone moja tu. Tangu hapo hajasumbuliwa na jino tena mpaka leo.

Mafuta ya ganda nayajua. Kila mtoto wa huku ameungua nayo vidole wakati wa kubangua. Lakini huu ni ushahidi wa mtu mzima, umekaa mbele yangu. Mpaka leo hajasumbuliwa na jino!

Kwa nini hasumbuliwi, sikuliwaza sana.

Jumatano, 17 Julai

Asubuhi nimechoma korosho tano nyuma ya nyumba, nikakinga mafuta kwenye kifuniko cha soda. Nimechukua unyoya (wa kuku mweupe, ana deni kwangu). Nimesimama mbele ya kioo. Nikalenga jino.

Jino limekoswa. Mdomo wa chini haukukoswa. Wala ufizi. Wala ncha ya ulimi.

Sikujua binadamu anaweza kuruka vile. Mama Wema amenisuuza kwa maji, akanipaka mafuta ya nazi, huku akiomba kwa Kimakonde haraka haraka. Mjomba ametoka shambani, amenikagua, akasema amelima korosho miaka thelathini na hajawahi kuona mtu aliyeunguzwa nayo kutokea ndani.

Mdomo sasa unafika mahali kabla yangu. Shavu la kushoto nalo limepanda. Na kesho ni usaili!

Mama Wema amesema niende kwa Dokta Bibiana leo hii. Nimekataa kwa mkono, maneno hayatoki. Nimekaa barazani nikawaza. Na hapo likaja wazo, safi, lenyewe, bila kuitwa.

Barakoa.

Madaktari huvaa barakoa! Nani atashangaa?

Alhamisi, 18 Julai

Tumeteremka Masasi watatu: Dokta, Loveness na mimi. Barakoa imenikaa vizuri. Dokta ameuliza kama nina mafua. Nimeitikia kwa kichwa. Huko bondeni jua kali, na ndani ya barakoa ni kama chungu cha ubwabwa.

Kamati ni watu wawili nyuma ya meza: Kanoni Charles, mpole, sauti ya mimbari, na Mama Esther, mwalimu mkuu mstaafu, asiye mpole. Dokta akakaa pembeni na barua zake. Nikaitwa wa kwanza. Kanoni akaniuliza kwa nini nataka kutibu meno.

Nilikuwa na jibu. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima. Nawapenda wagonjwa.

"Nawafenda wafonjwa," nikasema.

Mama Esther akaniomba nirudie. Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyesimamia madarasa miaka arobaini, nivue hicho kitambaa.

Nikavua.

"Yesu wangu," akasema Mama Esther. Kanoni akasogeza kiti nyuma.

Dokta Bibiana alikuwa ameshafika mbele yangu na tochi. Aliangalia sekunde tatu. Akaniuliza lile gego lina muda gani. Nikaonyesha vidole vitano. Miezi? Nikatikisa kichwa. Akafumba macho kidogo. Akawaomba radhi wazee, akasema usaili usimame, huyu anang'olewa sasa hivi, kuna mwenzake ana chumba cha meno barabara ya pili. Akahitaji mtu wa kushika taa. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Loveness. Loveness hakuuliza zamu yake itakuwaje. Alishika mkoba wa Dokta, akatangulia mlangoni.

Hivyo ndivyo nilivyokalia kile kiti. Kikapanda. Kikalala. Ukiwa wewe ndiye uliyelala, ni kiti kingine kabisa. Nikaiona sindano, nikaanza kutafuta miguu yangu.

Loveness akainama.

"Kaka Felix, niangalie mimi. Usiangalie mkono wa Dokta."

"Naofofa," nikasema. Nadhani ni neno la kwanza la kweli nililosema tangu Jumatatu ya wiki ile.

"Najua. Mimi niling'olewa darasa la sita. Niliogopa mpaka nikaapa siku nyingine nitakuwa upande ule mwingine wa sindano." Akangoja. "Ukitaka asimame, inua mkono. Atasimama. Tuendelee?"

Nimelala pale nikashangaa kwamba ananiuliza. Mimi tangu nianze kazi hii sikuwahi kuwaza kwamba mgonjwa anaulizwa.

Nikasema tuendelee.

Gego limetoka na mizizi miwili, kama mhogo. Nimetetemeka muda mrefu. Loveness hakuondoka. Alibaki amenishika kichwa kwa mikono miwili mpaka nilipotulia, na kule kamati inamsubiri. Aliporudi kwenye usaili alikuwa na damu yangu kwenye mkono wa gauni. Alikuwa amelipiga pasi gauni lile, niliona asubuhi.

Ijumaa, 19 Julai

Mdomo umepungua. Shavu limepungua. Jino halipo, na maumivu hayapo! Nilikuwa nimesahau dunia bila maumivu ilivyo. Chai ina ladha.

Dokta Bibiana ametuita ofisini saa tano. Nafasi amepata Loveness. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi. Nilijiandaa kukasirika, nikaisubiri hasira, haikuja. Nimemwambia hongera, na imetoka vizuri, herufi zote. Akasema asante, kaka Felix. Akasema alidhani sitamsemesha. Kisha akaangalia pembeni. Nami nikaangalia pembeni. Dokta akakohoa.

Baadaye Dokta akanisomea sehemu yangu ya barua, neno kwa neno. Ameandika kwamba Felix hafai kuachiwa koleo. Nimeinama. Ila, ameandika, katika miaka tisa ya kazi hajawahi kuona mtu anayeweza kuwatoa watu majumbani mwao namna ile. Sitini na mmoja kwa siku moja. Kumi na moja walihitaji tiba, na mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, yuko hai kwa sababu alikuja Ijumaa ile badala ya Jumatatu. Akifundishwa kusema kweli tupu, ameandika, kijana huyu ataokoa watu wengi kuliko mimi.

Ameniruhusu niisome mwenyewe mara ya pili. Nimeisoma mara nne.

Kamati imekubali. Kuna mafunzo ya wahudumu wa afya wa jamii hapa hapa Newala, miezi sita, yanaanza Jumatatu. Kazi ni kupita nyumba kwa nyumba: nani ana homa, nani mjamzito, choo kiko wapi, nani anatakiwa kwenda hospitali na haendi. Jina langu limeongezwa.

Nimemweleza mjomba. Alikuwa juu ya kigoda anasafisha pampu ya salfa. Amesikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni kazi ya kutembea sana. Nikasema sana. Akasema basi mikorosho atapulizia yeye na jirani yake, Uwesu, kama miaka yote. Akampigia mama yangu simu yeye mwenyewe. Mama amepiga vigelegele kwenye simu mpaka mjomba akaisogeza mbali na sikio. Mama Wema ameleta wali na mchuzi wa kuku. Mweupe. Sikuuliza.

Yule mama kijana ameruhusiwa leo. Nilimkuta getini na mumewe. Hakujua mimi ni nani, akanisalimia tu kama mpita njia, na mtoto mgongoni amelala. Nimesimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeteremka Masasi kununua daftari na viatu vya kutembelea. Njiani nimepata muda wa kutafakari yote yaliyonipata. Nimeona kosa langu liko wapi.

Kosa lilikuwa meno.

Meno yana mizizi! Mtu hawezi kufanikiwa kwenye kitu chenye mizizi. Lakini macho? Macho hayang'olewi. Hakuna damu. Kuna chumba chenye giza kidogo, kuna herufi ukutani, na mgonjwa ndiye anayezisoma. Daktari anakaa tu anasikiliza. Kwa nini sikuliona hili mapema?

Mafunzo ya Jumatatu nitayafanya, nimeahidi. Lakini mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza choo kiko wapi anaweza pia, akiwa palepale, kuangalia macho. Kwenye gari mama mmoja wa Chiungutwa aliniuliza nafanya kazi gani. Nikajikuta nimesema natibu macho. Akaniomba nimtazame. Nikamwambia aangalie juu, aangalie chini, aangalie dirishani. Nikasema mmh. Akasema tayari anaona nafuu. Nafuu! Dakika moja tu, bila chuo!

Basi nikapita sokoni kwa fundi wa mihuri. Mtaalamu bila muhuri hatambuliki. Fundi ni mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi, anachonga uso ukiwa umegusa meza. Nimemwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: FELIX, BINGWA WA MACHO. Nikaenda kununua viatu, nikarudi.

Amegonga muhuri kwenye karatasi nione. Wino mzuri, duara safi, nyota pande mbili. FELIX, BINGWA WA MACHOZI.

Nimelalamika. Mzee ameinua karatasi yangu, ameisogeza puani, ameisoma kwa sauti: Machozi. Akasema kama mimi naona vingine, nikapimwe.

Nimewaza kidogo. Kisha nimeuchukua hivyo hivyo. Machozi si yanatoka kwenye macho? Yamo mlemle. Ni ubingwa ndani ya ubingwa. Jumatatu naanza.